Sakafu ya Nyumba ya Mkulima na Jinsi ya Kuitunza



Katika kurasa hizi umezoea kusoma habari za mbegu, mbolea na bei za sokoni. Mwezi huu twataka kukueleza habari ya kitu kilicho chini ya miguu yako kila siku, yaani sakafu ya nyumba. Labda utasema, "Hayo ni mambo ya fundi, yahusu nini ukulima?" Yahusu sana. Mahindi yako hulazwa juu ya sakafu hiyo. Watoto wako hutambaa juu yake. Na miguu inayokupeleka shambani alfajiri hukanyaga hapo kwanza.

Sakafu njema si lazima iwe ya bei kubwa. Yatakiwa kuwa na mambo matatu tu: iwe ngumu, iwe kavu, na isiwe na vumbi. Yeyote mwenye jembe, ndoo na mikono yake miwili aweza kuipata.

ADUI ALIYE NDANI YA VUMBI

Funza, ambaye wengine humwita tekenya, ni kiroboto mdogo sana, urefu wake yapata milimita moja. Zamani hakuwako katika nchi zetu. Asili yake ni Amerika ya Kusini. Mwaka 1872 alifika Angola kwa meli iliyotoka Brazili, na katika muda wa miaka thelathini hivi alikuwa amekwisha kuvuka bara zima mpaka upande huu wa mashariki. Leo wilaya za pwani, kama Kwale na Kilifi, ni miongoni mwa sehemu za Kenya zinazosumbuliwa naye.

Funza jike hujichimbia ndani ya ngozi, hasa kando ya kucha na kisiginoni. Huvimba mpaka kadiri ya punje ya njegere, akatoa mayai kwa muda wa wiki mbili au tatu. Mayai huanguka sakafuni, na baada ya siku chache hutoka mabuu. Mabuu hayo hukaa katika vumbi kavu na mchanga mwepesi mpaka yawe viroboto kamili. Hii ndiyo siri yake: pasipo vumbi, mabuu hayana makao.

Basi, kutibu mguu na kuiacha sakafu ni sawa na kukata magugu baada ya kumwaga mbegu. Wiki chache hazipiti, mtoto ana funza tena. Mtoto mwenye funza wengi hawezi kwenda shule kwa miguu, na mtu mzima hawezi kulima. Wala usimchimbue funza kwa pini au mwiba uliotumiwa na mtu mwingine, maana njia hiyo yaweza kuleta pepopunda, ugonjwa wa ini na hata UKIMWI. Mpeleke mgonjwa kwa mhudumu wa afya. Siku hizi iko dawa ya mafuta iitwayo dimetikoni, ambayo humwua funza bila kuchimbua.

Adui wa pili ni safura. Mdudu wake hukaa katika udongo wenye unyevu uliochafuliwa na choo, akapenya ngozi ya mguu mtupu na kunyonya damu ndani ya tumbo. Kwa hiyo vumbi ni baya, na matope pia ni mabaya. Sakafu yatakiwa ngumu na kavu pamoja.

Jambo hili limepimwa. Katika nchi ya Meksiko, serikali ya jimbo la Coahuila ilianza mwaka 2000 kuwasaidia watu maskini kutia saruji juu ya sakafu za udongo. Wataalamu walilinganisha nyumba zilizopata na zile ambazo hazikupata, wakatangaza mwaka 2009 kwamba nyumba iliyobadilishwa sakafu yote ilipunguza minyoo ya watoto kwa asilimia 78, na kuhara kwa asilimia 49. Hakuna aliyewapa watoto wale dawa mpya. Kilichobadilika ni sakafu.

TUJIFUNZE KUTOKA MJI WA KALE

Ninyi wakulima wa skimu za Shimba Hills na Kwale yote hupita Feri mkipeleka machungwa, nazi na muhogo Mombasa. Siku ukiwa umekwisha kuuza mzigo wako, usiharakishe kurudi Likoni. Kutoka Feri mpaka Mji wa Kale si mbali. Nenda ukatazame sakafu za nyumba kongwe.

Utaona sakafu zisizo na saruji hata kidogo, na zimekanyagwa na vizazi vingi. Mafundi wa zamani walichoma mawe ya matumbawe wakapata chokaa. Kwa nyumba za ghorofa walilaza boriti za mikoko, na kwa kuwa boriti hizo si ndefu, vyumba vyao vilikuwa vyembamba. Juu ya boriti walipanga mawe, kisha wakamwaga chokaa iliyochanganywa na kokoto za matumbawe. Ndipo watu walipokaa safu, kila mmoja na kipande chake, wakaiponda sakafu siku nyingi huku wakiimba. Kipande hicho si kile kitambulisho cha wakati wa ukoloni. Ni gogo la kushindilia. Ndiyo maana mpaka leo twasema "kupiga sakafu".

Fundisho lake ni hili: nguvu ya sakafu hutoka katika kushindilia. Kitu kilichopondwa kikiwa na unyevu mpaka matundu yake yote yamekwisha, hakitoi vumbi upesi. Kanuni hiyo yafaa chokaa, na yafaa udongo wa nyumbani kwako vilevile.

JINSI YA KUTENGENEZA SAKAFU YA UDONGO

1. Inua sakafu. Ndani ya nyumba pawe juu kuliko nje kwa sentimita 15 au zaidi, na nje chimba mfereji wa kupitisha maji ya mvua. Sakafu iliyo chini ya uwanja haitakauka kamwe.

2. Ondoa udongo wa juu wenye mizizi na takataka. Jaza kifusi na mawe madogo, nyunyiza maji, kisha shindilia.

3. Chekecha udongo mwekundu au udongo wa kichuguu, changanya na mchanga. Finyanga donge moja ulikaushe kwanza. Likipasuka, ongeza mchanga. Likimomonyoka, ongeza udongo wa mfinyanzi.

4. Tandaza tabaka la sentimita 5, lipige kwa kipande mpaka mguu usiache alama, kisha weka tabaka la pili. Acha ikauke polepole kivulini. Ikikauka kwa haraka itapasuka.

5. Mwisho siriba. Wengi hutumia mavi mabichi ya ng'ombe fungu moja, udongo mzuri uliochekechwa mafungu mawili, na majivu kidogo. Nyuzi za majani zilizomo katika mavi hushika udongo usipasuke. Lakini fahamu kwamba mavi yaweza kuwa na vijidudu vya pepopunda na vya kuhara. Mwenye kidonda mkononi asisiribe, nawa kwa sabuni baada ya kazi, na mtoto mchanga asilazwe juu ya sakafu hiyo bila mkeka safi.

Huko Rwanda siku hizi wako mafundi wanaoshindilia sakafu za udongo namna hii, kisha wakazipaka mafuta ya mimea yanayokauka na kuwa magumu kama vanishi. Sakafu hizo hupigwa deki kwa maji.

UKITAKA SARUJI

Kiwanda cha Bamburi kilianza kutoa saruji mwaka 1954, na tangu hapo saruji imeenea pwani yote. Lakini fedha nyingi hupotea kwa kutojua. Chumba cha mita 3 kwa 3, chenye zege la unene wa sentimita 5, kitakula mifuko 3 hivi ya kilo 50, ukichanganya saruji 1, mchanga 2 na kokoto 4. Tabaka la juu la sentimita 2 litakula mfuko mmoja na nusu. Usiridhike na kupaka saruji nyembamba juu ya udongo usioshindiliwa. Itavunjika kama kaukau, na chini yake vumbi lipo vilevile.

Mchanga wa pwani, kama ule wa ufuo wa Likoni karibu na Feri, usiuchukue ingawa ni wa bure. Una chumvi. Chumvi huvuta unyevu, na sakafu hutoka maji na kumenyeka. Nunua mchanga wa mtoni au wa machimbo.

Baada ya kumwaga, funika kwa magunia na uyaweke mabichi kwa maji siku 7. Saruji haikauki tu. Yahitaji maji ili ishike. Aliyeinyima maji wiki ya kwanza ataifagia vumbi lake miaka yote.

USAFI WA KILA SIKU

Sakafu ya udongo: nyunyiza maji kidogo kwanza, ndipo ufagie kwa fagio la chelewa. Ukifagia pakavu vumbi huruka, likatua tena mahali pake. Fagia mpaka pembeni na chini ya kitanda, kwa maana funza hupenda pasipokanyagwa. Siriba tena mara sakafu inapoanza kutoa unga. Nyumba nyingi zahitaji kila wiki moja au mbili. Ufa ukionekana, uzibe siku hiyo hiyo, kwa maana usipoziba ufa utajenga ukuta.

Sakafu ya saruji: fagia, kisha piga deki kwa maji na sabuni, ukabadilishe maji yakichafuka. Ukitaka ing'are, paka nta ya sakafu kidogo, usugue kwa kumbi la nazi lililokatwa.

Sakafu ya chokaa au ya saruji usiioshe kwa limau, siki wala dawa kali ya choo. Vitu hivyo ni asidi, nayo hula chokaa. Na jihadhari sana: usichanganye dawa ya choo na dawa ya kufanya nguo nyeupe. Hutoka hewa ya sumu iwezayo kukuua chumbani.

Mbuzi, kuku na mbwa walale nje katika banda lao. Mbwa na mbuzi nao huingiwa na funza, wakaleta mayai ndani.

MAHINDI NA SAKAFU

Usimwage mahindi juu ya sakafu tupu. Unyevu wa ardhi hupanda usiku, na kuvu hutokea. Kuvu nyingine huleta sumu isiyoonekana kwa macho, wala haiondoki kwa kupika. Mwaka 2004 watu 125 walikufa nchini Kenya, hasa katika sehemu za Ukambani, kwa mahindi yenye sumu hiyo. Waliochunguza waliona kwamba mahindi yaliyowekwa ndani ya nyumba za kulala yalikuwa na hatari zaidi. Anika juu ya turubai au jamvi, na magunia yaweke juu ya uchaga, mbali kidogo na ukuta.

WAKATI WA KAZI

Kazi ya sakafu yafaa ianze kaskazi inapoingia, karibu na Desemba, kabla ya masika. Udongo hukauka vizuri, na huo ndio msimu ambao funza huzidi kwa sababu ya vumbi. Ikiwa huwezi kutengeneza nyumba nzima, anza na chumba wanacholala watoto. Tabaka la pili laweza kungoja mavuno. Kuita majirani wapokezane kupiga sakafu, leo kwako na kesho kwa mwenzako, hakugharimu kitu ila chai na muhogo.