Moyo Ukifa Ganzi

Tangu kambi ya Ifo ifunguliwe mwaka 1991, Dadaab imepokea waliokimbia vita vya Somalia, na wengi tena katika ukame wa 2011. Wako wasiolia wala kucheka. Mama anaambiwa mtoto amepona, anajibu tu, "Sawa." Jamani, tusimwite mwenye moyo wa jiwe. Maumivu yakizidi, moyo hufa ganzi kama mguu, na furaha nayo haisikiki.

Hatumlazimishi asimulie vita. Twakaa naye kivulini, macho wazi, tukianza na mwili:

1. Kanyaga mchanga. Ni wa moto au umepoa?
2. Nawa kwa kikombe kimoja cha maji, uyasikie yakipita vidoleni.
3. Nusa iliki kabla ya kunywa chai.
4. Taja sauti tatu: punda, upepo, watoto bombani.

Dakika mbili kila siku zatosha kuanzia. Hofu ikipanda, acha, mtazame aliye karibu nawe. Zoezi halifuti yaliyopita. Lamsaidia mtu kurudi hapa alipo. Hali ikiendelea, aonane na mshauri hospitalini. Akisema heri afe, mpelekeni siku hiyo hiyo, wala msimwache peke yake.