Tikiti si kazi, kazi ni tarehe

Mechi nyingi za Jumamosi za Bundesliga huanza saa tisa na nusu alasiri kwa saa za Ujerumani. Hapa Kona ya Musa, Diani, huwa ni saa kumi na nusu, na baada ya Jumapili ya mwisho ya Oktoba, wao wakisharudisha saa zao nyuma, huwa saa kumi na moja na nusu. Pwani hii imepokea watalii wa Kijerumani miaka mingi, na nyumba zenye binti aliyeolewa huko si moja wala mbili. Kwa hiyo anayesema anataka kwenda kuiona Dortmund kwa macho yake asichekwe. Asaidiwe kupiga hesabu.

Wengi huanza kwa kuuliza bei ya tikiti, na hapo ndipo pepesi. Tangu 1998 kanuni ya 50+1 inataka wanachama wa klabu wabaki na kura nyingi, na wanachama hao ni mashabiki walewale wa jukwaani. Ndiyo maana nafasi za kusimama zingalipo na bei yake haiumizi. Uwanja wa Dortmund huchukua zaidi ya watu 81,000, na jukwaa la kusini peke yake husimamisha kama 25,000. Tabu ni kwamba wenye tikiti za msimu na wanachama hutangulia. Mgeni hupata nafasi kwa urahisi zaidi Mainz au Augsburg.

Ugumu uko kwenye tarehe. Ratiba ikitoka kabla ya msimu, hutaja wikiendi tu. Kama mechi ni Ijumaa, Jumamosi au Jumapili, hilo huamuliwa baadaye, kwa kuangalia televisheni na mashindano ya Ulaya. Viza ya Schengen nayo haingoji. Ombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na mwisho siku 15. Jibu la kawaida huchukua siku 15 na laweza kufika 45. Ada ni yuro 90 tangu Juni 2024, hairudishwi ukikataliwa, na bima ya matibabu isipungue yuro 30,000. Mjerumani anayekuja Diani hujaza fomu mtandaoni akiwa kwake. Tofauti hiyo inaniuma, lakini safari hupangwa kwa sheria zilizopo.

Ipo siku moja inayokata fundo hili: raundi ya 34, ya mwisho. Mechi zote 9 huchezwa kwa wakati mmoja, Jumamosi, kwa kawaida katikati ya Mei, na tarehe yake hujulikana mapema. Chagua timu isiyowania ubingwa wala kukimbia kushuka daraja, tikiti zake hazigombaniwi sana. Tena Mei ni masika kwetu: wageni wamepungua, hoteli zingine zimefunga, na mwenye kazi ya kudumu hupewa likizo bila kuombwa abaki.

Mwenye kazi ya kudumu, nasema. Afisa wa viza hutafuta sababu ya wewe kurudi: barua ya likizo, mishahara ya miezi kadhaa benki, shamba, watoto. Kijana wa mkataba, ambao mara nyingi hukatika wageni wakiondoka, hupata nafasi ya kusafiri wakati uleule anapokosa barua ya mwajiri. Huyo humtegemea dada yake aliyeko Ujerumani, ambaye huenda ofisi ya wageni ya mji wake akaonyesha kipato na kutia saini hati ya udhamini. Hati hiyo si barua ya mwaliko. Ndugu akikaa huko na serikali ikatumia pesa kumtunza, dada aweza kudaiwa gharama hizo kwa miaka hadi 5. Hilo waliongee kwa simu kabla ya kutaja jina la timu yoyote.