Masika bila misongamano: Ya kufanya Morogoro, mlimani na mtandaoni

SHULE zilipofungwa nchini Machi 17, 2020, siku moja baada ya kutangazwa mgonjwa wa kwanza wa corona mkoani Arusha, msimu wa masika ulikuwa mlangoni mjini Morogoro. Kesho yake vikafuata vyuo, vikiwamo Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA) na Chuo Kikuu Mzumbe. Ligi ya soka ilikwishasimamishwa na mbio za Mwenge wa Uhuru zimeahirishwa. Mji kasoro bahari ukajikuta na watoto wengi majumbani, vijana wasio na la kufanya na wazazi wasiojua wawaambie nini.

Shule zote zilifunguliwa Juni 29 mwaka huo, baada ya wiki 15. Shirika la Afya Duniani (WHO) nalo liliondoa hali ya dharura ya ugonjwa huo Mei 2023. Hata hivyo, maradhi ya mlipuko hayajaisha. Mkoa wa Kagera umekumbwa na virusi vya Marburg mara mbili, mwaka 2023 na 2025. Kwa sababu hiyo, si vibaya mkazi wa Morogoro akajua mapema namna ya kuupitisha msimu kama ule bila kujifungia chumbani na bila kujisogeza kwenye msongamano.

Ikumbukwe kuwa Tanzania haikuwafungia wananchi wake ndani. Nchini Kenya kulikuwa na amri ya kutotoka nje usiku, na Uganda hata mazoezi ya hadharani yalipigwa marufuku, hadi Rais Yoweri Museveni akajirekodi Aprili 2020 akikimbia pekupeku na kupiga pushapu ofisini kwake ili kuwaonyesha wananchi wake kwamba mazoezi yanawezekana ndani. Mkazi wa Morogoro hakuwa na haja ya kukimbia ofisini. Alikuwa na Uluguru mgongoni.

Wataalamu wa afya wanakubaliana kuwa virusi vinavyoenea kwa njia ya hewa huambukiza kwa urahisi zaidi ndani ya vyumba visivyopitisha hewa kuliko mahali pa wazi. Hivyo basi, familia moja inayopanda mlima kwa miguu, bila kuchangamana na kundi jingine, iko salama zaidi kuliko familia hiyo hiyo ikiwa ukumbini au ndani ya daladala iliyojaa.

Safari iliyo nyepesi ni ya Morningside, penye nyumba ya kale iliyojengwa enzi za Wajerumani. Njia yake huanzia mjini, na mtu wa mwendo wa kawaida hutumia saa mbili hivi kupanda. Ukifika, mji wote uko chini ya miguu yako. Kilele cha Lupanga ni habari nyingine. Kina urefu wa mita 2,138 juu ya usawa wa bahari, wakati mji wenyewe uko kwenye mita 500 hivi, na wakati wa masika udongo wake huteleza kama sabuni. Asiye na mazoezi asijaribu, na mwenye mazoezi asiende bila mwenyeji anayeijua njia.

Kuna jambo ambalo wakazi wengi wa mjini hulisahau. Msitu ulioko juu ni Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Uluguru, yenye zaidi ya hekta 24,000, iliyotangazwa rasmi mwaka 2008 na inayosimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS). Kuingia humo kunahitaji kibali na malipo. Wapo wanaolalamika kwamba mlima wa babu zao haupaswi kulipiwa. Lakini Mto Ruvu, ambao ndio tegemeo kubwa la maji ya Dar es Salaam, huanzia katika milima hiyo, na anga lilipofungwa kwa ndege za kimataifa Aprili 2020, wageni waliokuwa wakiajiri waongoza watalii na kulipia viingilio hawakuweza tena kuja. Mtanzania anayelipa kiingilio chake na kumpa kazi kijana wa kijijini hubeba sehemu ya mzigo ambao msimu huo ulikosa wa kuubeba.

Masika pia ni wakati mzuri wa kutazama ndege. Kuanzia Machi, mbayuwayu na keremkerem waliokuja kukimbia baridi ya Ulaya huanza safari ya kurudi kaskazini. Sisi hatuna majira ya kuchipua kama ya Wazungu. Wao wanapoyapokea maua, sisi tunapokea matope, na ndege hao huyaona yote mawili kwa mwaka mmoja. Wapo pia wasiohama. Chozi wa Loveridge, pamoja na ndege mwenye kichwa cheusi, mgongo wa kijani na tumbo la manjano ambaye wanasayansi humwita Malaconotus alius, hawapatikani popote duniani isipokuwa Uluguru.

Hapa ndipo mtandao unapoingia. Siku ya kimataifa ya kuhesabu ndege, Mei 9, 2020, watu wa nchi nyingi waliokuwa wamezuiliwa majumbani walihesabu ndege waliowaona dirishani na kutuma orodha zao kwa tovuti ya eBird, ambayo haina malipo. Mtoto wa Bigwa au Kihonda mwenye daftari anaweza kuanza hivyo hivyo, na orodha ikatumwa siku mzazi atakapopata kifurushi.

Wanaopenda wanyama wanaweza pia kutafuta mtandaoni picha za video za panya buku wanaofunzwa na shirika la APOPO hapa hapa SUA kunusa mabomu ya ardhini na vimelea vya kifua kikuu. Mmoja wao, Magawa, aliyezaliwa Morogoro na kufanya kazi Cambodia, alitunukiwa medali ya dhahabu ya ushujaa na taasisi ya PDSA ya Uingereza Septemba 2020, dunia ikiwa katikati ya janga. Alikufa Januari 2022. Inashangaza kuwa dunia ilimfahamu Magawa kuliko majirani zake wa mjini.

Muziki nao upo. Nyimbo za Salum Abdallah na Cuban Marimba, na za Mbaraka Mwinshehe aliyekwenda na Morogoro Jazz hadi maonyesho ya Osaka, Japani, mwaka 1970, zinapatikana kwa wingi kwenye intaneti. Jioni moja ya mvua, babu akisimulia kumbi za zamani na mjukuu akitafuta nyimbo kwenye simu, hupita upesi.

Tatizo ni kwamba si kila nyumba ina simu ya kisasa. Mwaka 2020 masomo yalirushwa kwa redio na televisheni, na leo Taasisi ya Elimu Tanzania (TET) ina maktaba ya vitabu mtandaoni, lakini mtoto asiye na umeme wala kifurushi hubaki nyuma. Kwa nyumba ya namna hiyo redio ya betri bado ina thamani kuliko tovuti kumi.

Na ipo bustani. Gunia kuukuu lililojazwa udongo na samadi, likawekewa nguzo ya kokoto katikati ili maji yashuke, huotesha mboga hata kwenye uwanja wa hatua tatu. Mchicha uliopandwa masika huwa tayari kuchumwa baada ya wiki tatu hadi nne. Katika wiki zile 15 za mwaka 2020, aliyeanza mapema angeweza kupanda na kuvuna mara tatu kabla kengele ya shule haijalia.