Mti wa Kaiija na Benchi la Zahanati: Safari ya Mwanaakiolojia na Somo lake kwa Dutwa

Msafiri anayetoka Lamadi kuelekea Bariadi hupita Dutwa katikati ya nchi ya pamba na vilima vya mawe. Nje ya Mkoa wa Simiyu, jina hilo limesikika zaidi kwa sababu ya madini ya nikeli yaliyofanyiwa utafiti katika vilima vya eneo hilo. Wenyeji wana Dutwa nyingine: ile iliyokuwa nchi ya mtemi kabla utawala wa jadi haujaondolewa kisheria mwaka 1963, na ile ya mahame, yaani makazi yaliyoachwa watu walipohamishiwa katika vijiji vya pamoja wakati wa Operesheni Vijiji katika miaka ya 1970. Kwenye mahame ndiko yalikobaki makaburi ya mababu, mawe ya kusagia nafaka na miti iliyokuwa na majina.

Anayeyakumbuka maisha hayo kwa macho yake mwenyewe ana zaidi ya miaka 60 sasa. Ni rika lile lile linaloketi kwenye benchi la zahanati likisubiri kupimwa shinikizo la damu na sukari. Mzee wa namna hiyo anapofariki, mwanahistoria hujua amepoteza nini. Je, mhudumu wa afya naye amepoteza kitu? Jibu moja linapatikana ng'ambo ya Ziwa Viktoria, mkoani Kagera, katika kazi ya Profesa Peter Schmidt, mwanaakiolojia wa Kimarekani aliyeanza utafiti wake Buhaya mwishoni mwa miaka ya 1960.

Mti uliotunza habari

Katika kijiji cha Katuruka, eneo la Maruku, kusini mwa mji wa Bukoba, wazee walimweleza mgeni huyo habari za mti mkubwa ulioitwa Kaiija, jina linalohusishwa na uhunzi. Walisimulia kwamba Mfalme Rugomora Mahe, aliyetawala katika karne ya 17, aliamuru ujengwe mnara wa chuma ufike mbinguni. Mnara ukaanguka, na mti ule ukabaki kuwa alama ya mahali chuma chake kilipofuliwa.

Mtafiti mwingine angeiandika simulizi hiyo katika fungu la hadithi za kale na kuendelea na safari. Schmidt alichagua kuwaamini wasimulizi kiasi cha kushika sepetu. Alipochimba karibu na mti huo mwaka 1970, alikuta mabaki ya uhunzi wa kale mno, wa enzi zilizomtangulia Rugomora Mahe kwa karne nyingi. Baadhi ya vipimo vya kaboni vya mkaa uliopatikana vilionyesha umri unaokaribia miaka 2,500. Wapo wanazuoni waliotahadharisha kwamba mkaa wa mti uliokufa zamani huweza kuongeza umri wa kitu kilichopatikana nao, na tahadhari hiyo ni ya haki. Hata hivyo, jambo kubwa lilikwisha kudhihirika: watu walisahau majina ya wahunzi wa kwanza, lakini hawakusahau kwamba pale palikuwa mahali pa chuma. Mti, ibada iliyofanyika chini yake na simulizi ya mfalme vilikuwa vimeitunza habari hiyo ardhini na midomoni.

Mwaka 1976 Schmidt aliwaomba wazee wa Kihaya waliokuwa bado wanakumbuka kazi ya kuyeyusha chuma waijenge tena tanuri yao. Pamoja na mtaalamu wa metali, Donald Avery, alipima joto na kuchunguza jinsi mabomba ya udongo yalivyopitisha upepo wa mivukuto hadi ndani ya moto. Matokeo yalichapishwa katika jarida la Science mwaka 1978, yakidai kwamba upepo huo ulipashwa joto kabla ya kufika kwenye makaa, na hivyo tanuri za Kihaya zikaweza kutoa chuma cha kaboni chenye ubora wa hali ya juu. Maelezo ya kitaalamu ya jambo hilo yalibishaniwa kwa miaka mingi. Ujuzi wenyewe wa wazee wale haukubishaniwa. Walifanya kazi mbele ya macho ya watu, na chuma kikatoka.

Darasa la Mlimani

Mwaka 1985 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianzisha kitengo cha akiolojia, na Schmidt alikuwa miongoni mwa walioweka msingi wake. Kabla ya hapo, Mtanzania aliyetaka kusomea fani hiyo alilazimika kwenda nje tangu hatua za mwanzo, kama alivyofanya Fidelis Masao, aliyeandika tasnifu yake ya uzamivu kuhusu michoro ya miambani ya katikati ya Tanzania akiwa Kanada.

Matunda ya darasa hilo yanajulikana. Bertram Mapunda alihitimu uzamivu katika Chuo Kikuu cha Florida, ambako Schmidt alikuwa akifundisha, kisha akawa bingwa wa historia ya uyeyushaji chuma nchini Ufipa. Audax Mabulla, aliyepitia chuo hicho hicho, alichunguza Bonde la Ziwa Eyasi, linalopakana na Wilaya ya Meatu mkoani Simiyu, akaandika pia kuhusu michoro ya miambani ya Mkoa wa Mara, na baadaye akaongoza Makumbusho ya Taifa. Kwa hiyo, nchi inayoizunguka Dutwa si ngeni kwa taaluma hii. Walioifanyia kazi ni Watanzania waliofundishwa kwamba kabla ya kuchimba, ni sharti kwanza kusikiliza.

Walipoondoka wasimulizi

Wakati darasa la Mlimani likifunguliwa, Kagera ilikuwa imeingia msibani. Wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa mkoani humo mwaka 1983. Watu waliuita ugonjwa huo Juliana, jina la mashati ya magendo yaliyokuwa fasheni wakati huo. Mwaka 1987 watafiti wa Muhimbili na wenzao wa Sweden walikuta kwamba asilimia 24.2 ya watu wazima katika mji wa Bukoba walikuwa na maambukizi ya VVU. Kufikia mwaka 1996 kiwango hicho kilikuwa kimeshuka hadi asilimia 13.3, lakini makaburi yalikwisha kuchimbwa, na dawa za kufubaza virusi hazikuanza kutolewa na mpango wa taifa hadi mwaka 2004.

Takwimu za vifo huhesabu watu. Haziwezi kuhesabu kilichokatika kati yao. UKIMWI uliwashambulia zaidi watu wa umri wa kuzaa na kufanya kazi, yaani kizazi cha katikati, ambacho kwa desturi hupokea maarifa kutoka kwa wazee na kuwakabidhi watoto. Walibaki mabibi na mababu wenye wajukuu wengi wa kulea, wakiwa na huzuni ya kuwazika watoto wao na uchovu wa kurudi shambani uzeeni. Jioni iliyokuwa ya masimulizi ikawa ya kutafuta sare na chakula. Wazee hao nao walipofariki, mjukuu alibaki akijua jina la baba yake, pengine na la babu yake, wala asijue kwa nini mti fulani haukatwi.

Schmidt alipofanya tena kazi Katuruka, miaka karibu 40 baada ya safari yake ya kwanza, wengi wa waliomfundisha hawakuwapo. Mti wa Kaiija nao haukuwapo tena. Nyumba za kumbukumbu za mfalme zilikuwa zimeporomoka.

Kijiji chajikusanyia kumbukumbu

Wazo la kufufua mahali hapo halikuletwa na profesa. Katika makala aliyoichapisha mwaka 2010, Schmidt anaeleza kwamba wanakijiji wenyewe ndio walioanza kuulizana nini kifanyike, na kwamba yeye aliombwa kusaidia. Analitafsiri jambo hilo kuwa namna ya jamii kuliitikia jeraha la vifo vingi: watu waliopoteza wapendwa wao walitaka walau kimoja kati ya vilivyopotea kirudi.

Kazi ilikwenda kwa utaratibu wa kijiji. Wanakijiji waliunda kamati, wakawahoji wazee waliosalia na kulinganisha masimulizi yao. Nyumba za kumbukumbu zilijengwa upya kwa miti na nyasi kwa mtindo wa msonge, nyumba ya asili ya Wahaya, na mahali pakafunguliwa kwa wageni na wanafunzi.

Katika mahojiano hayo lilijitokeza jambo ambalo mtafiti mwenyewe amelikiri katika maandishi yake. Ujanani mwake aliwasikiliza zaidi wanaume, kwa kuwa ndio waliotajwa kuwa wajuzi wa historia. Safari hii, waliokuwa na maarifa mengi kuhusu ibada na taratibu za mahali pale walikuwa wanawake wazee. Walikuwapo siku zote, hawakuwa wameulizwa. Ni ungamo linalomhusu kila mtu anayeuliza maswali kwa kazi yake, akiwamo tabibu anayemgeukia mume kutaka maelezo ya ugonjwa wa mke aliyeketi mbele yake.

Mipaka ya urithi

Hapa pana hatari ya kusema zaidi ya yaliyothibitika. Ziara kwenye kaburi la mfalme haishushi wingi wa virusi mwilini, wala simulizi ya babu haichukui nafasi ya kidonge cha shinikizo la damu. Mgonjwa anayefanya tambiko kwenye mahame ya ukoo wake na aendelee na dawa zake siku hiyo hiyo kama alivyoelekezwa. Hayo mawili hayagombani.

Hata hivyo, Katiba ya Shirika la Afya Duniani, iliyoanza kutumika mwaka 1948, inaitaja afya kuwa ni ustawi kamili wa mwili, akili na jamii, na si kutokuwa na maradhi tu. Sehemu ya jamii ndiyo iliyobomoka Kagera, na ndiyo ambayo watu wa Katuruka walianza kuijenga kwa vyombo walivyokuwa navyo. Mzee aliyeonekana kuwa mzigo alirudi kuwa mwalimu. Yatima alipata swali la kumwuliza bibi yake lisilohusu ada wala ugonjwa. Manufaa hayo hayana kipimo cha maabara, lakini mhudumu aliyewahi kumwangalia mgonjwa mpweke anayajua thamani yake.

Njia kama hiyo ilijaribiwa Uganda pia, bila sepetu wala tanuri. Katika miaka ya 1990, wanawake wanaoishi na VVU waliojiunga katika chama cha NACWOLA walianza kuandika vitabu vya kumbukumbu kwa ajili ya watoto wao. Mama aliandika ukoo wake, mahali alipozaliwa, siku mtoto alipoanza kutembea, ndugu ambao angeweza kuwategemea. Kitabu hicho mara nyingi kilikuwa pia njia ya kumweleza mtoto ukweli kuhusu ugonjwa, jambo ambalo mama hakuweza kulianza kwa maneno matupu.

Benchi la Dutwa

Dutwa haikupitia msiba wa Kagera, na wazee wake wapo. Hiyo ndiyo tofauti yenye maana. Katuruka walianza kukusanya baada ya wengi kuondoka. Dutwa wanaweza kukusanya wenye habari wakiwa hai.

Mambo yanayowezekana ni madogo. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii anayemtembelea mzee nyumbani anaweza kumwuliza alizaliwa wapi kabla ya vijiji vya pamoja, na kumpa dakika tano za kujibu. Swali hilo humsaidia pia kutambua kama yuko mtu wa karibu anayemsikiliza mzee. Mzazi mwenye maradhi ya muda mrefu anaweza kushauriwa kumwandikia mtoto daftari la ukoo. Asiyejua kuandika amtume mjukuu anayesoma. Shule inaweza kuwapeleka wanafunzi kwenye mahame pamoja na mzee aliyeishi huko. Na pale shimo la choo, la msingi wa nyumba au la mgodi linapofichua vigae, mawe yaliyochongwa au mavi ya chuma, ni vema kazi isimame na taarifa ifike kwa afisa utamaduni wa halmashauri, kwa kuwa Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya mwaka 1863.

Sharti moja lizingatiwe. Anayoyasema mgonjwa katika chumba cha daktari ni siri yake, hata kama ni historia ya kuvutia. Masimulizi ya kuhifadhiwa yaombwe nje ya chumba hicho, kwa ridhaa yake, na nakala ya kwanza iwe ya familia yake.

Schmidt alikuwa na bahati ya kufika Buhaya wakati wazee waliojua kuyeyusha chuma walikuwa bado na nguvu ya kujenga tanuri. Siku ya kliniki ijayo, kwenye benchi la zahanati, atakuwapo bibi anayejua maji yalichotwa wapi kabla ya bomba kufika, na ni nani aliyezikwa chini ya mkwaju ule ulioachwa peke yake shambani. Foleni ni ndefu, na mjukuu aliyemsindikiza ana simu inayorekodi sauti.