Majina ya Kilimambogo

Ukisimama Ngoliba, ng'ambo ya Mto Athi, mlima Kilimambogo wajitokeza peke yake uwandani, mita 2,145 juu ya bahari. Tangu 1967 ni mbuga ya taifa. Nilipoupanda na wanafunzi wangu, tulipumzika kwenye kaburi la Sir William Northrup McMillan, mlowezi mzaliwa wa Marekani aliyefariki 1925. Walinakili tarehe zake kwa bidii. Nikauliza: Wamaasai waliuitaje mlima huu? Kimya.

Kumbe jina hilo li vinywani mwao kila siku: Ol Doinyo Sabuk, mlima mkubwa. Wagikuyu waliuita Kea-Njahe, mlima wa mvua kubwa, mojawapo ya makao ya Ngai. Mbogo ni neno la Kiswahili, na mnyama mwenyewe angalipo. Msomaji asiende huko kwa miguu bila askari. Mmoja aliona umbo, mwingine mvua, mwingine pembe.

Msichana mmoja, mwenyeji wa Ngoliba, alisema nyanyake hulitaja jina la Kigikuyu anapongoja mvua. Yeye hakuwahi kumwuliza sababu. Nilimsihi aulize kabla ya masika. Aliliandika daftarini, chini ya tarehe za McMillan.