Pima Shamba Kwanza, Trekta Baadaye

Mtu akitoka Kisangani alfajiri kwa barabara ya Bengamisa, hukutana na msururu wa baiskeli. Hazipandwi, zasukumwa. Juu ya kila moja kuna magunia ya makaa, mikungu ya ndizi, madumu ya mawese au mihogo, na nyuma yake kijana aliyeinamisha mgongo, jasho likimtoka ingawa jua halijapanda. Kando ya njia wapita akina mama wenye vikapu mgongoni, kamba ikiwakaza kipajini. Mzigo wote huo ni chakula cha mji, na mji hula kila siku. Nani atazame safari ile asiwaze moyoni: "Laiti tungekuwa na trekta!"

Wazo hilo ni jema, wala hatuandiki makala haya ili kulizima. Twaandika kwa sababu jamaa nyingi zina akiba moja tu. Akiba hiyo ikitumiwa vema, hulea watoto na wajukuu. Ikitumiwa vibaya, hugeuka chuma kilichooza chini ya mwembe. Basi, kabla ya kuuliza trekta gani linauzwa, yatupasa kuuliza shamba letu lataka nini.

Mazungumzo ya jioni

Tuchukue mfano wa jamaa moja yenye hekta nne nje ya mji. Jioni moja mwana aliye na kazi mjini amwambia baba yake: "Baba, nimeona trekta la nguvu za farasi 75. Tukiuza kile kiwanja cha mjini na kukopa kidogo, tutalipata."

Baba anyamaza kitambo, kisha ajibu: "Mwanangu, trekta hilo lina nguvu, sikatai. Lakini niambie, litafanya kazi gani siku ya tatu?"

Swali la mzee huyu lina hesabu ndani yake. Trekta la nguvu hizo huvuta plau ya visahani vitatu, yenye upana wa karibu meta moja. Likienda mwendo wa kilometa tano kwa saa, lingelima nusu hekta kila saa. Lakini hakuna trekta lisilogeuka mwisho wa mstari wala dereva asiyesimama. Kwa hiyo twatoa sehemu tatu katika kumi. Inabaki theluthi moja ya hekta na zaidi kidogo kwa saa, yaani hekta mbili kwa siku ya saa sita. Hekta nne zakwisha kwa siku mbili. Siku ya tatu trekta limekaa, na deni halikai.

Ndipo mama, aliyekuwa akimenya mihogo karibu nao, atia neno lake: "Baba Fulani, kulima kwenyewe si kunakoniua mimi. Kinachoniua ni palizi, na kubeba."

Twawaomba wasomaji wetu wasilipite neno hilo upesi. Katika nchi ya msitu kama yetu, mkulima hufyeka, huangusha miti, huchoma, kisha hupanda mpunga, mahindi na mihogo katikati ya visiki, mara nyingi bila kulipindua shamba lote. Kazi nzito zaidi huja baadaye: magugu, mavuno, kukoboa, na safari ya kwenda sokoni. Mtu anunuaye plau kubwa mahali ambapo shida ni mzigo, amemtibu mgonjwa wa jino kwa dawa ya jicho.

Visiki na ngozi ya ardhi

Wengine watauliza kwa nini wazee wetu hawakutumia ng'ombe wa kulima, kama wafanyavyo wenzetu wa Usukuma. Sababu moja kubwa ni mbung'o, ambaye huwaletea ng'ombe ugonjwa wa nagana; katika misitu hii ng'ombe wengi hawadumu. Kwa hiyo sisi twatoka kwenye jembe la mkono na kuruka moja kwa moja hadi kwenye injini. Mruko huo ni mrefu, na anayeruka hutazama kwanza atakapotua.

Atatua juu ya visiki. Plau ya visahani yaweza kupanda juu ya mzizi mdogo, lakini kisiki cha mti mkubwa huvunja chuma. Kwa hiyo shamba la trekta ni lazima ling'olewe visiki. Na hapo pana gharama mbili. Ya kwanza ni jasho na fedha. Ya pili haionekani upesi: katika vile visiki na mizizi ndimo msitu unamochipua tena wakati shamba linapopumzishwa. Mkulima aking'oa vyote, pumziko la ardhi hurefuka.

Mambo haya yalichunguzwa sana karibu nasi. Huko Yangambi, kilometa 100 hivi kutoka Kisangani ukiteremka mto, Wabelgiji walianzisha mwaka 1933 kituo cha utafiti wa kilimo cha INEAC, ambacho leo kimo chini ya INERA. Wataalamu wake walipanga mashamba kwa kanda za upana wa meta 100: ukanda mmoja unalimwa, wa jirani ni msitu unaopumzika. Kanda zilielekezwa mashariki na magharibi ili jua lipate kuingia. Mpango huo ulitekelezwa chini ya utawala uliowalazimisha watu kulima, na baada ya uhuru wa 1960 haukudumu. Lakini somo la udongo halikufa pamoja nao: ardhi yetu nyekundu ina rutuba yake katika ngozi nyembamba ya juu. Ukiikwangua ngozi ile kwa mashine nzito, umebaki na mwili mtupu.

Kadhalika huko Ibadan, Nijeria, katika taasisi ya kimataifa ya kilimo cha nchi za joto iliyoanzishwa mwaka 1967, majaribio yalionyesha kwamba msitu uliofyekwa kwa mikono huacha udongo usiochukuliwa sana na mvua, kuliko ule uliosukumwa kwa katapila. Na sisi, tunaopata mvua ya karibu milimita 1,800 kwa mwaka, tuna sababu ya kuliogopa jambo hilo. Tena trekta zito likipita juu ya udongo uliolowa huushindilia, maji yasizame wala mizizi isipenye.

Fundisho la Kongwa

Kama mtu adhani kwamba makosa haya ni ya maskini wasio na elimu, na asikie habari ya Kongwa. Baada ya vita kuu ya pili, Uingereza ilikosa mafuta ya kupikia, ikaazimia kulima karanga Tanganyika juu ya eneo kubwa mno, zaidi ya hekta milioni moja. Kazi ilianza Kongwa mwaka 1947. Yaliletwa matrekta mengi yaliyotumika vitani, na hata vifaru vilivyogeuzwa kuwa mashine za kung'oa miti. Mibuyu ikakataa kung'oka kwa urahisi. Matrekta yakavunjika na vipuri vikakosekana. Udongo wa Kongwa, wenye mchanga mkali ndani yake, ukayala majembe, na kiangazi kilipofika ukawa mgumu kama sakafu. Mvua nayo haikutosha. Mwezi Januari mwaka 1951 mpango ukaachwa, na hasara ikahesabiwa kuwa pauni milioni 36.

Wale hawakukosa fedha, wala mainjinia, wala matrekta. Walikosa kupima shamba kwanza.

Ukubwa upi wafaa?

Tuje sasa kwenye vipimo. Tutagawa mashine hizi katika makundi matatu.

La kwanza ni trekta la magurudumu mawili, ambalo mkulima hulishika kwa mikono na kulifuata kwa miguu. Tanzania huitwa pawatila. Nguvu zake ni za farasi 8 hadi 16 hivi. Likiwa na visu vizungukavyo vya upana wa sentimeta 60, na mwendo wa kilometa mbili kwa saa, hulima kiasi cha nusu hekta kwa siku. Hekta nne zetu zitachukua siku nane. Je, siku nane ni nyingi? Kwa aliyezoea kulima kwa jembe la mkono wiki baada ya wiki, ni mapumziko. Tanzania ilipotangaza Kilimo Kwanza mwaka 2009, mashine hizi zililetwa kwa wingi. Zilifaa zaidi katika majaruba ya mpunga, kwenye udongo laini wenye maji, kuliko kwenye ardhi kavu na ngumu. Basi mwenye bonde la mpunga na alifikirie kundi hili kwanza. Tena mashine hii hufungiwa tela dogo, na injini yake yaweza kuzungusha mashine ya kukoboa au pampu ya maji. Mama yetu wa mfano angetabasamu.

La pili ni trekta dogo la magurudumu manne, la nguvu za farasi 20 hadi 35, lenye uzito wa karibu tani moja na zaidi. Hupita kati ya mistari ya kahawa na michikichi iliyopandwa kwa nafasi, hukata majani, huvuta tela la mzigo wa kadiri. Lafaa mwenye hekta kumi au zaidi zilizokwisha kung'olewa visiki, au mwenye majirani watakaomlipa awafanyie kazi.

La tatu ni lile la nguvu za farasi 50 hadi 75, lenye uzito wa tani mbili au tatu. Kwa desturi, kila kisahani cha plau hudai nguvu za farasi 15 hadi 20 kwa udongo wa kawaida. Kwa hiyo visahani viwili huhitaji farasi 40 hivi, na vitatu huhitaji 60. Hili ni trekta la makumi ya hekta, au la chama, si la nyumba moja yenye hekta nne. Hata uzito wake ni jambo la kupima: njiani kwetu kuna madaraja ya magogo na vivuko, na daraja halimwulizi mtu kama amemaliza deni.

Hesabu ya akiba

Tuseme, kwa mfano tu, trekta lagharimu dola 20,000 na litadumu miaka kumi. Kila mwaka limekula dola 2,000 za thamani yake, lifanye kazi au lilale. Jamaa yetu ikilima hekta zake nne mara mbili kwa mwaka, ni hekta nane. Basi kila hekta imebeba dola 250 kabla ya tone moja la mafuta. Likilima hekta 100 kwa mwaka, kila hekta yabeba dola 20 tu. Trekta ni lile lile. Kilichobadilika ni kazi.

Juu ya hayo ongeza mazutu, lita 15 hadi 25 kwa hekta moja ya kulima. Ongeza oili, machujio na magurudumu. Tena tukumbuke mahali tulipo. Bidhaa zitokazo Kinshasa hupanda mto zaidi ya kilometa 1,700 kabla ya kushushwa Kisangani. Chujio dogo likikosekana wakati wa kupanda, msimu mzima waweza kupotea. Kwa hiyo mnunuzi mwenye busara huuliza kwanza: Je, fundi wa mashine hii yuko mjini? Je, vipuri vyake vinauzwa hapa, au vyaagizwa? Trekta la namna ambayo jirani watatu wanayo ni bora kuliko zuri zaidi lililo peke yake, kwa maana wenye mashine za namna moja huazimana vipuri na maarifa.

Njia ya kati

Basi jamaa ile ya hekta nne ifanye nini? Sisi twaona kwamba mzee amesema kweli, na mama amesema kweli zaidi. Na waanze na mashine ndogo yenye tela na ya kukobolea, itakayofanya kazi majuma yote ya mwaka. Kulima kwa plau, kama kwahitajika, na wakodi kwa siku mbili. Wakitaka trekta kubwa, na waungane na jamaa nyingine hata hekta zifike makumi kadhaa, lakini waandike mapema kabisa: nani ataendesha, nani atatunza daftari ya saa na mafuta, shamba la nani litalimwa kwanza, na fedha za matengenezo zitawekwa wapi. Vyama vingi vya ushirika vimekufa kwa swali la shamba la nani kwanza, wala si kwa ubovu wa injini.

Na kile kiwanja cha mjini kisiuzwe. Trekta huchakaa, kiwanja hakichakai, na watoto bado wanasoma.

Ninyi vijana mlio shuleni, mnaojua hesabu kuliko wazazi wenu, fanyeni jambo moja likizo ijayo. Chukueni kamba yenye vipimo, mpime shamba la nyumbani. Andikeni hekta ngapi, visiki vingapi, siku ngapi za palizi, na magunia mangapi yabebwayo kichwani. Kisha kaeni na baba na mama, msome karatasi hiyo pamoja kwenye taa. Huenda mtaona kwamba nyumba yahitaji farasi 12 tu, na kwamba farasi hao kumi na wawili watautua mgongo wa mama mzigo alioubeba miaka ishirini.