Msichana Mgeni, Uonevu na Mapepo ya Bwenini

Msichana wa Kasokola, wilayani Mpanda, anapomaliza darasa la saba na kuchaguliwa kuingia sekondari, huhama mengi kwa wakati mmoja. Lugha ya kufundishiwa hubadilika, kwa kuwa Kiswahili alichosomea kwa miaka saba hugeuka kuwa somo moja miongoni mwa mengine na Kiingereza kushika nafasi yake. Na hadhi hushuka, kwa kuwa yule aliyekuwa mkubwa wa shule ya msingi, aliyeaminiwa kengele na ufunguo wa darasa, hurudi kuwa mdogo kuliko wote na kuitwa njuka, jina ambalo wanafunzi waliotangulia huwapa wageni. Katika Mkoa wa Katavi, uliomegwa kutoka Rukwa mwaka 2012, makazi ya wakulima na wafugaji yametawanyika mno, na ingawa Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari ulioanza mwaka 2004 ulilenga kuipatia kila kata shule yake, mwendo kati ya nyumba na darasa bado ni mrefu kwa wengi, hivi kwamba wapo wanaolala bwenini na wapo wanaopanga chumba karibu na shule, kile kinachoitwa geto, ambako binti wa miaka 14 hujipikia, hujifulia na hujilinda mwenyewe.

Uonevu shuleni, kwa maana aliyoieleza mtafiti wa Norway Dan Olweus tangu miaka ya 1970, ni maudhi yanayokusudiwa, yanayorudiwa, na yanayofanywa na mwenye nguvu zaidi dhidi ya asiyeweza kujitetea kwa urahisi. Sharti hilo la tatu ndilo linalotenganisha uonevu na ugomvi wa kawaida, na ndilo linalofanya bweni la wageni na wenyeji kuwa uwanja wake, kwa sababu huko nguvu hupimwa kwa kidato. Njuka hutumwa maji wakati wenzake wamelala, hufulia waliomtangulia, sabuni na sukari yake hupungua ndani ya tranka bila ya mtu kuulizwa, na darasani akikosea neno la Kiingereza kicheko humfuata mpaka jioni. Mengi ya hayo hutetewa kwa hoja kwamba ni mila ya shule na kwamba kila mmoja aliyapitia, hoja ambayo haina uzito wowote, kwani inathibitisha tu kwamba jambo hilo ni la muda mrefu.

Hapo ndipo uchawi unapoingia, nao hauingii kama kitu kigeni. Hifadhi ya Taifa ya Katavi, iliyoanzishwa mwaka 1974, imechukua jina la Katabi, mzimu wa Wabende unaosimuliwa kukaa katika mti wa mkwaju karibu na Ziwa Katavi, ambako watu wamekuwa wakipeleka sadaka wakiomba baraka. Mtoto wa eneo hili hukua akijua kwamba mizimu ni majirani wenye kuheshimiwa. Hukua pia akisikia habari za kamchape na lambalamba, yaani waganga wanaozunguka vijijini wakidai kuwafichua wachawi na kuchimbua dawa walizozifukia. Si jambo la jana: vuguvugu la aina hiyo lilitoka upande wa Nyasaland, ambayo leo ni Malawi, katika miaka ya 1930, likapita Rhodesia ya Kaskazini, yaani Zambia ya leo, na kuingia kusini magharibi mwa Tanganyika, na mwanaanthropolojia Roy Willis, aliyeishi Ufipa mwanzoni mwa miaka ya 1960, aliliandika mwaka 1968 akionyesha jinsi lilivyofungamana na mivutano kati ya vijana na wazee. Binadamu wanaoishi karibu karibu na wasioweza kuachana, wawe wanakijiji au wanabweni, huhitaji njia ya kusema kwamba kuna mmoja wao anayewadhuru.

Shuleni njia hiyo hutumika kwa namna zinazopingana. Msichana mgeni aweza kufika akiwa na hirizi iliyoshonwa na bibi yake ili kumkinga na husuda, na kinga hiyo hiyo ikionekana siku ya ukaguzi wa mizigo ikawa ushahidi dhidi yake. Katika mkoa ambamo Wabende, Wakonongo, Wapimbwe, Wafipa, Wasukuma na Waha wanachanganyika na wajukuu wa wakimbizi wa Burundi wa mwaka 1972 waliopokelewa Katumba na Mishamo, haikosekani lafudhi ya kuchekwa wala chale za kuulizwa zimetoka wapi. Tuhuma ya uchawi ni silaha bora kwa mwonevu, kwa kuwa haihitaji ushahidi, haiwezi kukanushwa, na anayeitumia hujionyesha kuwa yeye ndiye anayeogopa. Aliyetuhumiwa hatengwi kwa sababu ya ukatili wa wenzake, ati. Hutengwa kwa ajili ya usalama wao.

Namna nyingine ni mapepo yenyewe, yaani pale msichana mmoja anapopiga kelele au kuanguka, kisha wa pili na wa tatu, hadi bweni zima linapotaharuki. Madaktari huliita tukio kama hilo histeria ya pamoja, wakimaanisha kwamba msongo wa mawazo umejitokeza kwa dalili za mwili pasipo kidonda, sumu wala vijidudu, na kwamba dalili hizo huenea kwa kuonana na kusikizana. Haimaanishi kujifanya. Anayeanguka huanguka kweli, na pumzi inayombana humbana kweli.

Tukio la aina hiyo lililoandikwa kwa makini kuliko yote katika Afrika Mashariki lilitokea Kashasha, karibu na Bukoba, kaskazini magharibi mwa nchi, upande wa magharibi wa Ziwa Viktoria. Tarehe 30 Januari 1962, majuma machache baada ya uhuru wa Tanganyika, wasichana watatu wa shule ya bweni iliyoendeshwa na misheni walianza kucheka wakashindwa kujizuia. Kufikia tarehe 18 Machi, shule ilipofungwa, wanafunzi 95 kati ya 159 walikuwa wamekumbwa, wote wakiwa na umri wa miaka 12 hadi 18, ilhali walimu hakuna aliyeguswa. Ilifunguliwa tarehe 21 Mei, wengine 57 wakakumbwa, ikafungwa tena mwishoni mwa Juni. Wasichana waliorudishwa makwao walikwenda na kicheko hicho: Nshamba, walikotoka baadhi yao, watu 217 walipatwa kati ya Aprili na Mei, na mwezi Juni shule ya wasichana ya Ramashenye ikapata wagonjwa 48 kati ya wanafunzi 154.

Madaktari A. M. Rankin na P. J. Philip, waliochapisha taarifa yao mwaka 1963, walipima damu na kuchunguza chakula wasione sababu. Tukio hilo limesimuliwa duniani kwa zaidi ya miaka 60 kama kichekesho, kana kwamba wasichana wa Buhaya walisikia mzaha mtamu kupita kiasi, na hili ni kosa la kusikitisha, kwa kuwa taarifa yenyewe inaeleza kicheko kilichochanganyika na kilio, mahangaiko na kupigana pale mgonjwa alipozuiwa, na wagonjwa wengine walisema wanahisi kuna mtu anawakimbiza. Mtaalamu wa isimu Christian Hempelmann, aliyelipitia upya jambo hilo mwaka 2007, alikataa kabisa kuliita suala la ucheshi na akalirudisha kwenye msongo wa mawazo. Hisia ya kukimbizwa ndiyo inayostahili kutiliwa maanani kuliko kicheko. Ni malalamiko, ijapokuwa hayana jina la mlalamikiwa.

Mwanaanthropolojia Ioan Lewis, katika kitabu chake cha mwaka 1971 kuhusu dini za kupagawa, alidai kwamba pepo huwapanda zaidi wale wasio na sauti, hasa wanawake, kwa sababu anachosema pepo hahukumiwi nacho aliyepandwa: mke akidai haki ni mkaidi, lakini pepo akidai haki hiyo hiyo husikilizwa na kutulizwa. Linda Giles, aliyefanya utafiti katika pwani ya Waswahili, alimpinga mwaka 1987 kwa kuonyesha kwamba vilinge vya pepo huko havikuwa vya wanyonge peke yao, bali vilikuwa na heshima na nafasi yake katika utamaduni. Kwa Mrima na Unguja hoja ya Giles ina nguvu, lakini bweni la shule si kilinge. Hakuna fundi, ngoma wala daraja za kupandishwa, na wanaoanguka ni wale wale walio chini ya kila mtu. Aihwa Ong aliona jambo linalofanana na hilo katika viwanda vya Malaysia, alipoandika mwaka 1987 juu ya wasichana waliotoka vijijini wakapandwa na mizimu wakiwa kwenye mashine, chini ya wasimamizi wasiokubali kulalamikiwa. Kiwanda kilileta mganga, kikachinja mbuzi, na ratiba ya kazi ikabaki ilivyokuwa.

Shule za Afrika Mashariki hazijatofautiana sana na kiwanda hicho. Oktoba 2023, katika shule ya wasichana ya Eregi, Kaunti ya Kakamega nchini Kenya, makumi ya wanafunzi walilazwa hospitalini wakiwa wameishiwa nguvu miguuni, sampuli zikachukuliwa, na histeria ikatajwa kuwa maelezo yanayoelekea. Maombi huitishwa, shule hufungwa, maabara hutoa jibu la kwamba hakuna kitu, na jibu hilo huchukuliwa kuwa mwisho wa habari, ilhali hapo ndipo maswali yangepaswa kuanza: nani alianguka kwanza, analala kitanda cha nani, majuma mawili kabla yake kulitokea nini, na ni nani ambaye hakuna anayethubutu kumtaja. Mjadala wa kama mapepo yapo au hayapo hauhitajiki ili maswali hayo yaulizwe. Anayeamini na asiyeamini wote wanaweza kuyauliza.

Sababu ya kutotajwa ni rahisi kuiona. Utafiti wa kitaifa kuhusu ukatili dhidi ya watoto uliofanyika Tanzania mwaka 2009 ulionyesha kwamba karibu wasichana 3 kati ya 10 walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18, na karibu nusu yao hawakumwambia mtu yeyote. Utafiti wa afya wa 2015 na 2016 uliiweka Katavi juu ya mikoa yote kwa mimba za utotoni, asilimia 45 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 wakiwa wamezaa au wakiwa wajawazito, katika nchi ambayo hadi Novemba 2021 haikumruhusu aliyejifungua kurudi katika shule ya serikali. Kwa binti wa geto, hofu ya kukimbizwa haina haja ya kutafutiwa tafsiri.

Sheria ya Uchawi ya mwaka 1928, ambayo bado inatumika, imeandikwa kwa ajili ya wachawi na wanaojidai kuwa wachawi, ikimpa hata mkuu wa wilaya uwezo wa kuamuru mtuhumiwa akae wapi. Haina la kumwambia mlezi wa bweni. Linalomhusu lipo katika Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, inayokataza ukatili dhidi ya mtoto, na katika miongozo inayotaka kila shule iwe na mwalimu wa unasihi, yaani wa kusikiliza na kushauri, ambaye kwa kawaida ni mwalimu mwenye vipindi vyake kamili na madaftari ya kusahihisha. Ipo pia namba 116, simu ya bure ya mtoto, ambayo hupokea taarifa za uonevu na ukatili kutoka popote nchini. Mwanafunzi haruhusiwi kuwa na simu shuleni, hivyo anayetaka kuipiga kutoka bwenini hulazimika kwanza kumwomba mwalimu au matroni simu yake, na kueleza anataka kumpigia nani na kwa sababu gani.